Mzee wa Kanisa na Tando za Ziwani

Mzee wa Kanisa alikuwa na tabia moja iliyowaudhi akina mama wa Ziwani, mtaa wetu wa Eastlands, Nairobi. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajaketi, kabla hata hajaitikia salamu vizuri, alitazama juu. Macho yake yalianza pembe ya mlangoni, yakapita juu ya pazia, yakaizunguka dari yote, kisha yakarudi mlangoni. Ndipo alipovua kofia na kusema, "Amani iwemo nyumbani humu." Kufikia hapo mama mwenye nyumba alikuwa naye ameshatazama juu, na uso wake umeshabadilika.

Kanisa letu lilikuwa na wazee wengine, lakini wao waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye peke yake alibaki na cheo. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi katika reli, na mashati yake aliyapiga pasi mwenyewe, mpaka kola. Nyumba yao na yetu ziligawana ukuta mmoja. Binti yake Nafula alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tukisukana nywele kwenye ngazi za mbele, kwa hiyo niliingia na kutoka kwao kama kwetu. Ninayoyasimulia mengi niliyaona kwa macho yangu. Machache niliambiwa na Nafula, ambaye si mtu wa kumpamba baba yake.

Alikuwa adui wa buibui, lakini adui mwenye taratibu zake. Akimwona buibui mkubwa ukutani, alichukua gilasi na kipande cha kadi kilichokatwa kwenye kalenda ya zamani. Alimfunika kwa gilasi, akapitisha kadi chini yake polepole, akambeba hadi ukingo wa barabara, akamwachilia kwenye nyasi. "Nenda na Mungu," alimwambia. Lakini akikuta kifuko cha mayai, kile cheupe kama pamba kinachojificha nyuma ya picha, alikitia katika makaa ya jiko bila kusema neno. Nafula alimuuliza siku moja mbona anamhurumia mama halafu anachoma watoto. Alifikiri kidogo.

"Huyo mmoja nimemwona," akasema. "Hao wengine sitawaona mpaka wawe mia."

Hakuona kwamba jibu hilo lina tatizo lolote.

Kulikuwa na buibui mmoja tu aliyepewa ruhusa, aliyekaa juu ya bomba la maji nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na mbu wengi. Utando wake ulikuwa mpana, wenye vumbi, unaotisha watoto. Mama yangu alitaka kuubomoa na akakatazwa. "Huyo muache, mama. Huyo yuko kazini."

Mafundisho yake hayakuwa marefu. Alisema buibui hafuati uchafu, anafuata chakula, na chakula chake kinafuata taa. Kwa hiyo alianza na taa. Alizunguka mstari wetu wa nyumba akiwaomba watu watoe zile balbu nyeupe za mlangoni zinazovuta wadudu, waweke za manjano. Baba yangu alicheka, lakini akaweka. Vijana wa mtaa walilalamika kwamba mstari wetu sasa unafanana na baa, na kwa muda tuliitwa hivyo, wasichana wa baa, mimi na Nafula. Baada ya taa alikuja kwenye matundu ya hewa, akayafunika kwa wavu wa chuma ulio laini. Baada ya matundu akaja kwenye uwazi ulio chini ya mlango, ambao aliuziba kwa tambara lililoviringishwa na kushonwa kama soseji ndefu. Mwisho akaja kwenye katoni. Katoni ndizo zilizomfanya agombane na watu, kwa sababu hakuna nyumba ya Eastlands isiyokuwa na katoni juu ya kabati au chini ya kitanda, na ndani yake kuna mambo ambayo mtu hataki kuulizwa.

"Hiyo katoni ina nini?"

"Ni vitu tu, Mzee."

"Ulivifungua lini mara ya mwisho?"

Hapo ndipo akina mama walipokumbuka kazi nyingine ya haraka.

Hakuwa mtu wa kukataa elimu mpya bila kuijaribu. Mama mmoja aliyehamia karibu nasi alikuwa amesoma kwenye simu kwamba siki iliyochanganywa na mafuta ya mnanaa hufukuza buibui. Mzee wa Kanisa alimsikiliza kwa heshima, akaomba apewe kidogo, akapuliza katika pembe zote za jiko lake, akangoja. Wiki chache baadaye mama yule alimuuliza kwenye lango la kanisa imekuwaje.

"Imenukia vizuri sana," akasema. "Na buibui pia ameipenda."

Mtu anayesikia haya anaweza kudhani hakuwa na hofu ya kiumbe chochote. Ukweli ni kwamba aliogopa mjusi. Mjusi mdogo wa kawaida, yule wa ukutani, anayekula buibui na ambaye kwa haki angekuwa mshirika wake. Kamati ya kanisa ilikuwa imekutana nyumbani kwetu jioni moja, na yeye ndiye aliyekuwa akiomba ombi la kufungua, mjusi akaanguka kutoka kwenye fremu ya dirisha, karibu na kiatu chake. Tulipofumbua macho alikuwa amesimama juu ya kochi la mama yangu na viatu vyake. Hakuacha kuomba. Aliendelea palepale juu, sauti ikiwa ileile, akawakumbuka wagonjwa, wasafiri na viongozi wa nchi, akasema amina, kisha akauliza kama mjusi ameondoka.

Nimesema alikuwa na taratibu, lakini hakuzaliwa nazo. Kwa miaka mingi ya ndoa yake hakuwahi kushika ufagio. Mkewe, Mama Nafula, alikuwa ndiye mwenye nyumba kwa maana zote, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyesugua sakafu kila asubuhi. Alipopata ugonjwa wa mgongo akashindwa kuinuka, Nafula na mimi tulikuwa tunakaribia kumaliza shule. Nyumba ilishikwa na Nafula na jamaa waliokuja kwa zamu. Walisafisha sakafu. Walisafisha kuta mpaka pale mkono unapofika. Wageni waliokuja walisema, "Kwa kweli mnajitahidi, nyumba iko safi."

Siku moja Mama Nafula alimwita mumewe. Nafula alikuwepo, akikamua kitambaa cha kumpangusa.

"Baba Nafula," mama alisema, "nyinyi mnaona ukuta. Mimi naona silingi."

Mzee alitazama juu, darini. Moshi wa jiko ulikuwa umeshika kwenye tando, zikawa nyeusi, zinaning'inia kama nyuzi za sweta kuukuu, hasa juu ya kitanda. Nafula anasema baba yake alisimama akitazama kwa muda mrefu sana, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akatoka kwenda dukani.

Alichofanya kwanza kilikuwa kibaya. Alinunua dawa ya kupuliza, akapuliza chumba chote mkewe akiwa ndani, kwa sababu hakujua jinsi ya kumtoa na hakutaka kumsumbua. Mama Nafula alikohoa usiku kucha na kutwa iliyofuata, na kwa mgongo ule kila kikohozi kilikuwa kama kipigo. Alipopata pumzi alimwambia, "Afadhali buibui." Baada ya hapo Mzee hakuruhusu tena dawa ya kupuliza ivuke mlango wake. Alifunga tambara lenye maji kwenye ufagio wa mti mrefu, akamfunika mkewe kwa shuka safi, akaondoa tando moja moja, akilizungusha tambara kama mtu anayesonga ugali, ili vumbi lisidondoke. Alipomaliza alifunua shuka. Mama Nafula alitazama juu, akatabasamu, akalala.

Alifanya hivyo kila Jumamosi mpaka mkewe alipofariki. Nafula alidhani baada ya mazishi ataacha. Hakuacha. Alianza kuwaendea wengine.

Kwetu, mgonjwa akisikika mtaani, watu hupanga siku wakaenda kumwona. Hubeba mkate, maziwa, sukari, huimba, huomba, hunywa chai, huondoka. Mzee wa Kanisa alikwenda pamoja nao, akaimba pamoja nao, halafu wenzake walipoinuka yeye alibaki na kuomba ufagio. Mara ya kwanza kuzua maneno ilikuwa kwa dereva mmoja mstaafu aliyepooza upande mmoja. Mke wa dereva alikuwa mwanamke wa kujivunia nyumba yake, na wageni walikuwa bado mlangoni wakivaa viatu.

"Mzee," akasema, "umekuja kuona mgonjwa ama umekuja kuona uchafu?"

"Nimekuja kuona kile anachokiona," Mzee akajibu.

Kwa masikio ya mwanamke yule hilo lilikuwa tusi juu ya tusi. Hakumpa ufagio. Jumapili iliyofuata alipeleka mashtaka kwa kamati: kwamba mzee wa kanisa anaingia nyumba za watu kuwaaibisha wakati wa shida. Akina mama wengi walikuwa upande wake, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Yale macho ya mlangoni yalikuwa yamewachosha. Kamati ilimketisha Mzee ikamwambia ama aache, ama akae kando na huduma ya wagonjwa. Alisema amesikia. Hakujitetea. Juma lile hakwenda kwa mgonjwa yeyote, na Nafula aliniambia kwamba jioni alikaa tu mezani, kofia mbele yake.

Aliyemrudisha ni dereva mwenyewe. Hakuweza kusema vizuri. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo. Mchungaji alipokwenda kumpa ushirika, alimwonyesha juu kwa mkono ule mzima, akamwambia, "Yule... wa ufagio." Mkewe akajifanya hajaelewa. Akarudia. Mchungaji naye akatazama juu, nadhani kwa mara ya kwanza katika huduma yake yote, na Jumatatu alimpitia Mzee wa Kanisa nyumbani akamsindikiza yeye mwenyewe. Mke wa dereva alileta ngazi. Walipokwisha alileta chai pia. Nijuavyo, hakumwomba radhi, wala Mzee hakuonyesha kungoja radhi.

Kuna siku nyingine ambayo watu wa mstari wetu huitaja kuliko hiyo. Jirani kijana, mke wake ametoka hospitali na mtoto mchanga, alinunua kwa mchuuzi dawa ya wadudu iliyotiwa katika chupa ya soda, isiyo na jina wala maelezo. Alitaka mtoto asiumwe na kitu. Akapuliza sebule na jiko, akafunga madirisha ili dawa ishike, na mama na mtoto wamelala chumba cha pili, mlango umerudishwa tu. Mzee wa Kanisa alikuwa akipita kwenda bombani. Alisikia harufu kutoka nje. Yeye, ambaye hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kubisha, aliusukuma ule mlango kwa bega, akapita mpaka chumbani, akatoka na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa anatapika na pumzi yake inakoroma.

"Mama yuko ndani," alimwambia kijana, aliyekuwa akingoja nje. "Mtoe. Halafu fungua kila kitu."

Mama yangu ndiye aliyemvua mtoto nguo zilizoshika harufu ya dawa na kumwosha bombani, kisha wakakimbilia hospitali. Mtoto alipona, sasa anasoma, namwona akipita na mkoba. Yule kijana alikuja kushukuru na mbuzi. Mzee alimkataa mbuzi. Akamwambia abadilishe balbu ya mlangoni, maana alikuwa bado na nyeupe.

Haya yote ni mema, na ningeishia hapo ningekuwa nimemdanganya msomaji. Mtu huyu aliyewaona wagonjwa wa mtaa mzima hakuwa na macho kwa mtu mwenye afya. Nafula alipofaulu mtihani na kuitwa chuo, baba yake alisema, "Sawa." Alipopata kazi katika ofisi ya mawakili, alisema, "Sawa, usichelewe." Alipoachana na mchumba wake wa miaka mingi, alikaa kwenye zile ngazi za mbele analia, na baba yake akapita kando yake na ngazi begani, anakwenda kwa mwanamke aliyevunjika mguu. Nafula aliniambia siku hiyo, bila hasira, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa: "Labda nikipooza ndio atakuja kwangu." Naamini Mzee alimpenda. Lakini mapenzi yake yalikuwa yamejifunza njia moja tu ya kutoka.

Nyumba zetu za zamani zilipowekewa alama kwamba zitavunjwa kujengwa magorofa, Nafula alimchukua baba yake akakae naye mtaa wa Fedha. Fleti ilikuwa nzuri, ghorofa ya nne, yenye dari nyeupe ya jasi na pembe zilizopakwa rangi. Wenye jengo walikuwa na utaratibu wa kuleta watu wa pampu kila baada ya muda kupuliza dawa vyumba vyote. Siku hizo Mzee alishuka na kofia yake akakaa karibu na lango na mlinzi tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na hakupanda mpaka Nafula arudi kufungua madirisha. Siku nyingine hakuwa na cha kufanya. Aliwahi kupanda kiti kuangalia nyuma ya makabati ya jikoni, akakuta hakuna kitu. Nafula aliniambia hajawahi kumwona mtu aliyesikitishwa hivyo na usafi.

Halafu akaanza kupotea mchana. Alisema anakwenda kuwaona watu wa zamani. Baadaye ikajulikana ni mtu mmoja, mama mjane anayeshona nguo mtaa wa Baba Dogo, ambaye alikutana naye kanisani kwenye mazishi. Baadaye tena akabeba mashati yake na pasi akaondoka, akasema wamekubaliana kuoana na tarehe itatangazwa. Nafula alinipigia simu.

"Mtu wangu, enda uongee na yeye. Wewe anakusikiza. Mwambie arudi nyumbani. Atakula nini huko? Na huyo mama simjui."

"Umemuuliza yeye mwenyewe?"

"Nimuulize aniambie 'sawa'?"

Nikaenda. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nyumba ya mama mshonaji ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Alinipokea kwa mikono miwili, mwanamke mwembamba, mcheshi, futi ya kupimia shingoni, akaomba radhi kwa vitambaa vilivyokaa juu ya kila kiti. Vilikuwa kila mahali. Magunia ya vipande yalifika karibu na paa, katoni zimepangwa mpaka dirishani, na balbu ya cherehani ilikuwa nyeupe kali. Nikatazama juu. Nilikuwa nimeishi karibu na Mzee muda mrefu, sikuweza kujizuia. Tando zilitoka pembe hii mpaka ile. Nyingine zilikuwa zimeshika nyuzi za rangi, nyekundu na buluu, zilizoruka kutoka kwenye mashine. Moja ilikuwa juu kabisa ya kiti cha Mzee wa Kanisa, na buibui mwenyewe alikuwa ametulia katikati yake, mnene.

Mzee alikuwa amekaa chini yake, akimtungia yule mama uzi kwenye sindano. Aliniona nikitazama. Mama alipoingia nyuma ya pazia kuweka chai, niliinama karibu naye.

"Baba," nikasema kwa sauti ndogo, "umeona huko juu?"

"Nimeona siku ya kwanza."

"Na hujasema?"

Alipitisha uzi, akaukata kwa meno, akachukua sindano nyingine.

"Yeye anaimba akishona," akasema. "Mara nyingine ananiuliza wimbo huu mwisho wake ni nini, na mimi naujua. Nikileta ufagio hapa atadhani nimemwona mgonjwa."

Mama akarudi na chai na mandazi. Tuliongea juu ya harusi, juu ya kitambaa cha gauni ambacho angejishonea mwenyewe, juu ya watu wa zamani wa Ziwani na walikohamia. Mzee alicheka mara mbili, kitu ambacho sikuwa nimekizoea. Sikumwambia arudi Fedha. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka karakana ya vyuma, akasimama pale katikati ya kelele.

"Nafula anakula vizuri?" akauliza.

"Anakula."

"Yule mchumba hakurudi?"

Nilimtazama. Sikujua kwamba aliwahi kujua. "Hakurudi, Baba."

"Siku ile nilipita," akasema. "Nilikuwa na ngazi begani, sikujua niseme nini. Mwambie nilimwona."

Nikamwahidi. Nilimpigia Nafula kabla sijafika nyumbani. Nikamwambia maneno yale jinsi yalivyosemwa, sikuongeza wala kupunguza. Kisha akauliza kuhusu nyumba, kama ni safi.

"Ina buibui," nikasema. "Wengi. Kuna mmoja yuko juu ya kichwa chake."

"Na hajasema kitu?"

"Hajasema kitu."

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha mlio wa kiti kikisogezwa.

"Basi amependa," akasema Nafula. "Hebu niambie, huko Baba Dogo, mtu anashukia steji gani?"